Kisanduku cha Tatu

Siku ya Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, Ofisi Kuu ya Ajira za Afya iliwatangazia wananchi wote kwamba uhaba wa wauguzi umekwisha. Haukupungua, ulikwisha. Ulikwisha kitaalamu, kwa waraka wa kurasa sita ulioagiza kwamba neno "uhaba" lisitumike tena katika nyaraka za Ofisi, na kwamba wodi isiyo na muuguzi iitwe, kuanzia siku hiyo, wodi yenye fursa. Mwenyekiti wa Jopo la Usaili aliusoma waraka huo mbele ya vipaza sauti vitatu, kimoja kikiwa kizima, na watu wakapiga makofi kwa kuwa makofi yalikuwemo kwenye ratiba.

Jumatano ya wiki hiyohiyo, barua ya ajira ilimfikia mwanamke mmoja ambaye pale Ofisini alijulikana kwa jina la Faili Nene.

Jina hilo alipewa na karani wa masjala, tena bila ubaya wowote. Mwenyewe alikuwa mwembamba kama uzi. Kilichonenepa ni jalada lake. Kwa miaka mitatu alikuwa ameomba kazi ya uuguzi mara nne, na kila ombi lilizaa karatasi, na karatasi nazo zikapata wajukuu.

Usaili wa kwanza aliitwa saa mbili asubuhi. Jopo lilifika saa tisa alasiri, likamwandikia kwamba ameonyesha dalili za uchovu. Usaili wa pili alijibu maswali yote, na Jopo likaona, kwa haki kabisa, kwamba mtu anayejua kila kitu hatanufaika na mafunzo kazini. Wa tatu alitakiwa alete uthibitisho wa uzoefu wa miaka miwili katika kazi ileile aliyokuwa akiiomba. Alipouliza atapataje uzoefu wa kazi kabla ya kuipata kazi, mwanasaikolojia wa Jopo aliandika maneno mawili: "Ana maswali."

Wa nne alifaulu. Aliambiwa kwamba amefaulu yeye na wenzake watatu, na kwamba majina yao yamehifadhiwa. Hiyo ilikuwa miezi kumi na minne iliyopita. Kila alipokwenda kuuliza, karani alifungua kabati, akachungulia, akamwambia bado yuko salama.

Muda wote huo aliishi kwa dada yake, fundi cherehani. Alianza kwa kushona vifungo ili asile bure, akahamia kwenye mapindo, na mwaka wa tatu alikuwa anakata sare za shule bila kupima mara mbili, maana mkono uliozoea tangu chuoni kutafuta mshipa wa damu hausumbuliwi na kitambaa. Kazi ikakua. Dada akakodi chumba cha pili, akanunua mashine ya tatu, akaiweka karibu na dirisha penye mwanga. Siku mbili kabla ya barua kufika alimwambia mdogo wake kwamba mashine ile ni yake, na biashara ni ya wote wawili, nusu kwa nusu, akubali au akatae, ila asimjibu papo hapo.

Kwa hiyo dada aliisoma barua ya Ofisi akiwa amesimama, pini mdomoni. Alipofika mwisho alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini.

"Wanataka jibu lini?"

"Kabla ya Ijumaa ijayo."

"Miaka mitatu hawakuwa na haraka." Dada aliikunja barua. "Sindano ni sindano, mdogo wangu. Ya kwangu angalau haimlizi mtu."

Faili Nene alicheka, lakini kicheko hakikushuka moyoni. Alikuwa ameichukia Ofisi kwa muda mrefu hata chuki yenyewe ikawa kama jino bovu: mtu anazoea kutafunia upande mwingine, maisha yanaendelea. Sasa barua imekuja, na furaha imeangukia upande uleule wa jino.

Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu ya majibu yenye visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa NAKUBALI, cha pili NAKATAA. Chini yake Ofisi iliagiza kwamba mwombaji atie alama moja tu na asiandike maelezo, kwa sababu maelezo huchelewesha huduma.

Hakutia alama. Alhamisi asubuhi alivaa gauni lake la heshima, akaenda kuiona wodi aliyopangiwa kabla ya kuamua.

Ilikuwa wodi ya wanawake, vitanda thelathini na viwili, wagonjwa thelathini na wanane. Mlangoni palitundikwa fremu ya kioo yenye maandishi kwamba wodi hii inastahili wauguzi wanne kwa kila zamu. Kioo kilikuwa safi sana. Ndani alikuwemo muuguzi mmoja, mwanamke mzee kidogo, miwani yake imeungwa kwa plasta ya kidonda, na wagonjwa walimwita Mama Zamu. Alipaswa kustaafu mwaka uliopita. Lakini mtu hastaafu bila kukabidhi, na hakabidhi bila mpokeaji kutia sahihi kwenye daftari la zamu, na kanuni, iliyosainiwa na Mwenyekiti wa Jopo mwenyewe, ilisema kwamba aliye zamu haondoki mpaka apokewe. Akiondoka ni mtoro. Mama Zamu alikuwa akienda nyumbani kwa kuibia saa chache, pale muuguzi wa wodi jirani alipokubali kuangalia pande zote mbili.

"Umekuja kumwona nani, mwanangu?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimekuja kuiona kazi, mama."

"Basi shika hapa."

Alichopewa kushika ni mguu wa bibi mmoja wa kitanda cha kumi na mbili, uliokuwa na kidonda cha kubadilishiwa bendeji. Faili Nene alinawa, akashika. Mara akawa anasafisha, mara akawa anafunga. Mikono ilijua njia yenyewe, kama punda anayerudi nyumbani. Yule bibi, ambaye kwa siku nyingi hakuwa akisema na mtu, aliutazama mguu wake uliofungwa vizuri, kisha akamtazama Mama Zamu.

"Huyu asiende," alisema.

Faili Nene alikwenda dirishani kukunja bendeji ambayo haikuhitaji kukunjwa. Hapo ndipo alipojua kwamba anaitaka kazi ile, na kule kuitaka kukamuudhi sana.

Walifanya kazi pamoja mpaka adhuhuri. Walipokaa kidogo kwenye benchi la mlangoni, Mama Zamu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni.

"Nikikwambia usije, nitakuwa nimejidhulumu. Mimi nataka kwenda kulala," alisema. "Lakini usije peke yako. Ukija peke yako nitakushukuru, nitaondoka, na baada ya miaka thelathini utakuwa mimi."

Faili Nene alirudi kwa dada yake na fomu ileile tupu. Akaeleza yote: kitanda cha kumi na mbili, fremu ya kioo, miwani ya plasta. Dada aliendelea kushona. Mwishowe aliuliza hao watatu waliofaulu naye wako wapi. Faili Nene akasema wamehifadhiwa. Dada akavuta droo, akatoa rula yake ya kukatia, akamsukumia mezani.

Kwa rula ile Faili Nene alichora, chini ya visanduku viwili vya Ofisi, kisanduku cha tatu. Alikichora vizuri, kona zake zimenyooka, akaandika pembeni: NITAKUBALI TUKIWA WANNE. Akatia alama. Ijumaa asubuhi aliipeleka.

Karani wa masjala aliigeuza fomu ile mara tatu. Ofisi ilikuwa na jalada la waliokubali na jalada la waliokataa, na hakuna jalada kati ya hayo lenye mdomo wa kupokea kisanduku cha tatu. Akaipeleka juu. Juu wakaipeleka juu zaidi, mpaka siku ya Jumatatu fomu ikatua mbele ya Jopo zima: Mwenyekiti, Katibu, mwanasaikolojia, na Mjumbe wa Kawaida, ambaye kazi yake ilikuwa kukubaliana na mjumbe aliyesema mwisho.

Jopo lilisikitika. Mwanasaikolojia alisema hii ni tabia ya kuchora. Katibu alikumbusha kwamba ripoti ya mwaka, yenye sentensi "Nafasi zote zimejazwa", tayari imechapwa nakala mia tano kwa ajili ya Ijumaa, na kwamba nafasi zote maana yake ni angalau moja. Mwenyekiti akapitisha kwamba Jopo lifanye Kikao cha Kujiridhisha ndani ya wodi yenyewe siku ya Jumatano, ili mwombaji aonyeshwe kwa macho yake kwamba hapana haja ya watu wanne. Mwombaji aalikwe, ila asizungumze mpaka aulizwe.

Jumatano saa nne asubuhi magari mawili yalisimama mbele ya wodi. Waliteremka watu wanne waliovaa vizuri, majalada kwapani. Mama Zamu aliwaona kupitia dirishani. Alikuwa ameahidiwa wapokeaji wanne kwa miaka mingi kiasi kwamba hakushangaa. Alichofanya ni kuwahesabu mara mbili. Kisha akaliweka daftari la zamu kwenye meza ya mlangoni, wazi, na kalamu juu yake.

Jopo lilikuwa na desturi njema ya kusaini kila daftari lililofunguliwa mbele yake, kwa kuwa kikao kisicho na mahudhurio hakina posho. Mwenyekiti alisaini kwanza, kwa cheo. Wakafuata wengine. Mjumbe wa Kawaida aliuliza kama aandike na saa ya kuingia. Mama Zamu akasema ndiyo, aandike.

Faili Nene alikuwa amesimama ukutani. Aliona kila kitu, na hakusema neno, kwa sababu hakuwa ameulizwa.

Mama Zamu aliyasoma majina manne, akasaini chini yake, akavua aproni na kuitundika. "Kitanda cha tisa dripu inakaribia kwisha," aliwaambia. "Wa ishirini na moja msimlaze chali. Nimewakabidhi." Akachukua kikapu chake, akatoka akitembea taratibu, kama mtu anayeogopa kuitwa jina lake.

Mwenyekiti alifungua kikao kwa maneno ya utangulizi. Alikuwa kwenye aya ya pili mgonjwa wa kitanda cha tisa alipomwambia kwamba dripu imekwisha. Mwenyekiti akaangaza huku na huku, akauliza nani yuko zamu. Sasa Faili Nene alikuwa ameulizwa.

"Ninyi, mzee," alisema, akamwonyesha daftari.

Dripu haina habari ya utaratibu, kwa hiyo alikwenda kuibadilisha yeye mwenyewe, na kumwonyesha mwanasaikolojia namna ya kumshikia mgonjwa mkono. Wakati huo Katibu alimkimbilia mganga mkuu wa hospitali aje abatilishe zile sahihi. Mganga mkuu alifika, akasoma daftari, akasoma kanuni, akashika kidevu. Alisema anasikitika sana, lakini anayeweza kubadilisha kanuni ile ni Mwenyekiti tu, akiwa ofisini kwake, na Mwenyekiti hawezi kwenda ofisini kwake akiwa zamu. Kisha akaomba radhi aondoke haraka: katika miaka kumi na moja ya uongozi wake wodi hii haijawahi kuwa na watumishi wanne, naye alitaka kuliandika jambo hilo kabla halijabadilika.

Kufikia saa sita Mjumbe wa Kawaida alikuwa amemwaga beseni mbili, moja yake ikiwa na maji. Katibu alikuwa amejifunza kwamba mgonjwa akisema anataka kwenda haja, jambo hilo haliwekwi kwenye ajenda. Mwenyekiti alimwita Faili Nene kando, akamsihi kwa upole sana atie alama kwenye NAKUBALI.

"Nimeshatia alama, mzee. Iko kwenye fomu yangu."

Mwenyekiti aliitazama wodi: vichwa thelathini na vinane, vingi vikimtazama yeye. Akamwambia Katibu aajiri wale watatu.

"Utaratibu unachukua miezi sita, mheshimiwa."

"Chukua simu," Mwenyekiti alisema.

Barua nne ziliandikwa nyuma ya karatasi za kuandikia joto la mwili, zikasainiwa juu ya kabati la kitanda cha kumi na mbili, na yule bibi akazishikilia kwa kidole zisipeperuke. Ilichukua dakika arobaini. Wale watatu, waliohifadhiwa kwa miezi kumi na minne, walipokea simu kabla ya mlio wa pili.

Faili Nene aliisoma barua yake mara mbili, akasoma na za wenzake, kisha akasaini daftari. Alikuwa amejiandaa kukataliwa kwa miaka mitatu, kukubaliwa hakukuzoea. Akampokea Katibu. Saa nane akafika wa kwanza, mikono imejaa vumbi la chaki kwa kuwa alikuwa anafundisha shule ya chekechea, akampokea mwanasaikolojia. Nusu saa baadaye wa pili akampokea Mjumbe wa Kawaida, aliyeondoka bila kukubaliana na mtu yeyote.

Wa tatu alikuwa mbali, angefika jioni. Kwa hiyo Mwenyekiti alibaki. Alivua koti, akakunja mikono ya shati. Faili Nene alimpa shuka safi na kumwonyesha kitanda kilichoachwa na mgonjwa aliyeruhusiwa. Mwenyekiti alitandika polepole, akizunguka kitanda, akirudi, akivuta huku na kulegeza kule. Alipomaliza alisimama kando, mikono nyuma, kama walivyokuwa wakisimama waombaji mbele yake, akauliza kwa sauti ndogo kama amefaulu.

Faili Nene aliinama, akapitisha kiganja chini ya ukingo wa godoro.

"Hapa kwenye kona pamelegea, mzee," alisema. "Tandua, urudie."