Malalamiko Dhidi ya Fundi Aliyemshitaki Samaki Wangu

Ndugu Mwenyekiti Tak,
Ushirika wa Wakulima, Bonde la Seokgol.

Pokea heshima zote unazostahili, na chache za kukopa. Mimi, Maeng Chil-bok, nimefungua injini za dizeli nyingi kuliko mtu yeyote bondeni. Sawa, nilichofungua ni boneti. Lakini nilichungulia vizuri.

Kabichi zangu bado ziko shambani, barafu inakuja kuziua, watu wa mjini wanazisubiri wazichachushe kwa pilipili, watengeneze kimchi ya kipupwe, na pikapu yangu haiwaki. Taa ya betri imekuwa nyekundu kama pua ya mlevi. Kwa hiyo namlalamikia fundi wenu, Pyo Gi-su.

1. Nilimwambia betri imekufa. Akaipima, akadai ni nzima, ila haipati chaji. Fundi gani anakataa kuuza betri? Hata biashara hajui.

2. Akaiwasha pikapu kwa betri yake, akapima tena injini ikinguruma. Volti kumi na mbili, na zinashuka. Yeye anataka kumi na nne. Ulafi huo wamefundishwa chuoni.

3. Akaingiza kichwa chini ya boneti, akamkuta samaki mkavu niliyemfunga kwa uzi mweupe siku niliponunua gari, ili safari ziwe salama, kama afanyavyo kila mwenye akili hapa kwetu. "Mzee Maeng," akasema, "uzi umejisokota kwenye altaneta inayochaji betri, mkanda unateleza. Mtoe huyo samaki, betri itachaji." Nikamjibu, "Huyu amenilinda miaka yote. Wewe umelinda nini zaidi ya bakuli lako la wali?" Akacheka, Mwenyekiti. Mbele ya marehemu.

4. Tukimwachia, kesho atasema mababu zangu wanakunywa dizeli. Naomba afukuzwe. Huruma ikikuzidi, basi afungwe yeye chini ya boneti kwa uzi uleule, tuone atalinda nini.

Nisalimie mkeo, mama mkwe, na yule mbwa wako aliyening'ata.

Wako mtiifu, nikijisikia,
Maeng Chil-bok

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, mke wangu alichukua mkasi, akakata uzi wote, akampika samaki supu. Jirani akatuazima betri ya kuwashia. Taa imezimika, kabichi zinapakiwa. Supu ilinukia dizeli kidogo, lakini niliongeza bakuli. Barua naituma hivyohivyo, maana mwandiko umenitoka vizuri. Ila ukumbuke trekta lako lilipozama kwenye tope la mpunga, nikakuvuta na sikumwambia mtu. Sasa ni zamu yako kunitunzia siri: mpelekee Pyo kabichi kubwa kubwa kutoka kwangu, umwambie ni zako.