Globu Zote Zinawaka

Jumatatu, 3 Juni
Mkono wangu umenisaliti! Kikaoni Mama Mhariri ametangaza kwamba Mwenyekiti wa gazeti anastaafu, na Ijumaa anataka apigwe picha kwa kamera kongwe ya kabatini, ileile aliyoanzia kazi. Flashi yake ilishang'olewa, imo stoo. Nani ataifunga? Jicho Moja, mpiga picha wetu (hufumba jicho hata akinywa chai), alikuwa bado anakuna kidevu. Nikaona mkono umenyanyuka. Wangu!
Mimi ni karani wa stoo ya picha, na kipindi changu cha majaribio kinaisha wiki hii. Picha ikitoka, naajiriwa. Isipotoka, naendelea kula kwa shangazi. Jicho Moja akaniambia, haya bwana mdogo, umeunyanyua mwenyewe, usije ukaushusha.

Jumanne, 4 Juni
Nimeifunga! Mpini wa betri kama wa tochi, sahani inayong'aa, waya mmoja. Bano limelegea, nimelikaza kwa mpira.
Kisha hofu. Globu zake ni za zamani, limebaki boksi moja, na madukani hazipo tena. Zikiwa mbovu je? Nijulie mbele ya Mwenyekiti? Nimebeba vyote nyumbani, nikajaribu globu moja sebuleni.
Lahaula! Radi ndani ya nyumba! Shangazi alitoka jikoni na mwiko, akaapa amemwona marehemu mumewe. Akauliza nimetumwa na nani. Nikasema ni kazi ya ofisi. Akasema ofisi hiyo niiogope.
Lakini globu imewaka vizuri sana.

Jumatano, 5 Juni
Moja kuwaka si ushahidi kwamba nyingine zitawaka. Nimejaribu zote. Hakuna hata moja mbovu! Shangazi amehamia kwa jirani.

Alhamisi, 6 Juni
Maji yamezidi unga. Nimemweleza Jicho Moja, kwa majivuno kidogo, kwamba globu zote zimepimwa. Akauliza zimebaki ngapi. Sikuelewa swali. Akafungua boksi, akanionyesha: zote zimebabuka, nyeupe kama macho ya samaki aliyechemshwa. Globu hizi huwaka mara moja tu! Alicheka hadi akafumba macho yote mawili.
Kisha akaniazima flashi yake ya kisasa! Adui huyu! Akasema kamera hii imezoea globu, ambazo hushika moto polepole, kwa hiyo huwasha kwanza, ikasubiri kidogo, ndipo ikafungua jicho lake. Flashi ya kisasa haimsubiri mtu. Nisogeze kile kitufe kidogo kando ya lenzi, kamera isisubiri.
Nikamshukuru kwa adabu. Sikukisogeza; anataka niharibu picha, apigiwe makofi yeye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 7 Juni
Ukumbini, mapazia yamefungwa. Mwenyekiti kakaa wima kama msumari. Nikabonyeza. Mwanga! Akaruka kidogo, akasema flashi za siku hizi zina hasira. Makofi! Mama Mhariri akatabasamu. Nilishaanza kuchagua kalamu ya kusainia mkataba. Mwenyekiti akaaga, akakimbilia uwanja wa ndege.
Picha imetoka nyeusi tii. Si Mwenyekiti, si kiti. Flashi iliwaka, ikazima, ndipo kamera ikafungua jicho kutazama giza.
Mama Mhariri akaishika, akaigeuza juu chini, akauliza Mwenyekiti yuko wapi hapo. Kwa woga nikamwonyesha kwa kidole.

Jumamosi, 8 Juni
Sijafukuzwa! Wala sijaajiriwa. Mama Mhariri amesema majaribio yangu yanaanza upya, mbali na kamera, na iwe mara ya mwisho. Nimekabidhiwa mitungi ya kuzimia moto ya jengo zima. Yote mipya, yote imefungwa kwa lakiri. Jumatatu mkaguzi anakuja.
Jicho Moja amenipigia kelele kutoka ngazini: ndugu yangu, nakuomba, usiguse kitu! Wivu huo. Lakiri inathibitisha nini? Mtungi waweza kuwa umejaa hewa tupu, nikaaibika mbele ya mkaguzi.
Nimeanza na wa ghorofa ya chini. Lahaula, nguvu zake! Unafanya kazi vizuri ajabu. Nikishajifuta macho, napanda ghorofa ya pili.