Sifa za Meya, Sentimita Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Mei
Mhariri kapima tena jarida kwa rula. Sentimita za chama tawala, sentimita za upinzani. Zikilingana, anasema hatuna upendeleo. Wiki hii upinzani ulizidi mbili, basi picha ya Meya ikakuzwa hadi matundu ya pua yakaonekana.

Kisha pigo. Ukurasa wa mwisho, wangu kwa miaka sita, unagombaniwa. Ama mimi, ama Mchora Katuni. Atakayepata barua nyingi za wasomaji wiki mbili hizi ndiye atakayebaki, mwingine ataaga. Nimepigwa na butwaa.

Ila nina mbinu. Mimi ni wa upinzani, kimyakimya. Nitamsifu Meya kwa uso mkavu mpaka kila mwenye akili amcheke. Na kwenye rula zitahesabiwa sifa!

Jumatano, 6 Mei
Nimeandika kwamba Meya katuachia mashimo barabarani ili mvua ipate pa kupumzika. Kwamba taa za mitaani hazijawaka mwaka wa tatu ili tuone nyota. Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuuliza kama naumwa. Nikamsomea. Akauliza pa kuchekea ni wapi. Akanisihi niweke walau alama ndogo, watu wajue ni mzaha. Nimekataa. Mzaha ukielezwa umekufa.

Ijumaa, 8 Mei
Limetoka. Barua ya kwanza: ofisi ya Meya. Wanashukuru. Maneno ya nyota watayaweka kwenye mabango. Nimeisoma mara tatu nikitafuta kejeli. Hamna.

Hadi saa nane mchana, barua thelathini na moja, zote za chama tawala, zote za pongezi. Mchora Katuni kapata nne. Kanipa mkono, akasema hakujua kwamba mimi nanunulika. Nimeona aibu sana. Lakini thelathini na moja!

Jumapili, 10 Mei
Tumealikwa chakula cha mchana ukweni. Baba mkwe ni katibu wa tawi la upinzani, kazi aliyoihangaikia miaka ishirini. Kampokea mke wangu, kapokea matunda, kafunga mlango. Nikajieleza dirishani kwamba ulikuwa mzaha.

"Mkwe wangu," akasema, taratibu kabisa, "kama ni mzaha, mbona aliyefurahi ni Meya?"

Sahani yangu ikapitishwa dirishani. Nimekula nimesimama.

Jumanne, 12 Mei
Nimeandika kukiri. Wazi, bila kuzunguka: nilitania, Meya ni mzembe, shimo ni shimo. Mhariri akaja na rula. Meya kakosolewa sentimita kumi na nne, basi upinzani nao ukosolewe kumi na nne, la sivyo makala yangu hayachapwi. Mtambo unasubiri. Sikuwa na kosa la upinzani kichwani isipokuwa moja. Nikaandika habari za katibu wa tawi anayewalisha wageni dirishani.

Ijumaa, 15 Mei
Sina nguvu. Ofisi ya Meya imeandika kwamba wamecheka mpaka machozi, kwamba kumtukana Meya kwa uso mkavu vile ni kipaji. Shimo ni shimo! Wameuona ndio utani bora kuliko wote.

Habari za dirisha je? Hizo wote wameziamini. Zilisomwa kwenye mkutano wa tawi, na Baba mkwe si katibu tena. Mke wangu yuko kwao. Nilikwenda. Mlango umefungwa, na safari hii dirisha pia.

Barua sitini na mbili. Ukurasa ni wangu. Mchora Katuni amefungasha kalamu zake bila kuniaga.

Jumamosi, 16 Mei
Nimepata dawa. Toleo lijalo nitamsifu Baba mkwe: uaminifu wake, ukarimu wake, miaka yake ishirini. Sifa za dhati kabisa, kwa mtindo wangu uleule. Mke wangu kapiga simu, analia, anaomba niweke walau alama ndogo, watu wajue si mzaha.

Nimekataa. Wasomaji wangu wananielewa.