Linki Arobaini za Mama Meno

Mwanamke aliyekuwa mbele ya Msomi kwenye foleni ya kutoa kopi alikuwa akimlalamikia mwenye mashine kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa na dunia nzima.

"Nimejitafuta mtandaoni. Nimeandika 'meno ya bandia', kazi yangu, basi. Unajua nimejikuta wapi? Ukurasa wa saba! Mbele yangu kuna muuza misumeno, na kampuni inayouza meno ya tingatinga. Tingatinga! Na juu ya wote kakaa nani? Shemeji yangu!"

Msomi alitega masikio. Jina hilo alijipa mwenyewe, na kwa kuwa alitembea na kalamu sikioni na faili kwapani, hakuna aliyewahi kumdai cheti. Wengine wakisikia malalamiko husikia huzuni. Yeye alisikia riziki. Na wakati huo aliihitaji kuliko siku zote. Umoja wa Wafanyabiashara ulikuwa ukitafuta mshauri wa mambo ya mtandao, na kazi hiyo ilikuja na ofisi yenye mlango, dirisha na birika la umeme. Msomi alikuwa amefanya kazi miaka sita kwenye viti vya watu wengine. Alikuwa tayari kuuza roho kwa ajili ya ule mlango. Tatizo ni kwamba roho yake ilikuwa imeshauzwa mara kadhaa, kwa wateja tofauti. Alichokosa ni mteja mmoja aliyefanikiwa, wa kumwonyesha kwenye usaili.

"Mama," alisema kwa upole wa daktari mwenye majibu mabaya, "wewe huna linki."

"Ni ugonjwa?"

"Kuzikosa ndio ugonjwa. Tovuti nyingine ikiweka njia ya kumleta msomaji kwako, hiyo ndiyo linki. Mtambo wa kutafuta unaangalia nani anatajwa na nani. Shemeji yako anatajwa. Wewe nani kakutaja?"

Mama Meno alifikiri. "Mama yangu. Ila hana tovuti."

"Nitakupa arobaini. Tena zenye ubora."

"Na shemeji atashuka?"

"Atashuka mpaka asikie misumeno inavyokereza."

Macho ya mama yakang'aa. Tumtendee haki: hakutaka utajiri. Alitaka tu kumwona shemeji akiteseka. Akalipa siku hiyohiyo.

Sasa, linki ina ubaya mmoja: haishikiki. Msomi alikuwa amegundua zamani kwamba mteja aliyelipa hupenda kuondoka na kitu mkononi. Kwa hiyo kila linki aliichapa kwenye kadi: anwani ya tovuti kwa herufi nene, mhuri, jina lake, sahihi yake, kisha akaifunika plastiki ngumu. Wateja walizipenda mno kadi hizo. Wengine walizitundika ukutani karibu na picha za harusi. Huenda hakuna tapeli mwingine aliyewahi kumkabidhi mteja wake ushahidi usioingia maji.

Tovuti zenyewe zote arobaini zilikuwa zake. Alizitengeneza Jumamosi moja, kabla ya chakula cha mchana. Kulikuwa na Konokono Leo, kulikuwa na Sauti ya Wapenda Vifungo, kulikuwa na Jarida la Ngazi za Mbao. Kila moja ilikuwa na makala moja, na katikati ya makala sentensi kama hii: "Konokono hupenda majani mabichi, na meno bora ya bandia yanapatikana hapa."

Baada ya wiki tatu Mama Meno alikuwa ametoka ukurasa wa saba. Hakuwa ukurasa wowote. Mtambo uliona tovuti arobaini zilizozaliwa siku moja, zote zikimsifu mama mmoja wa meno, ukamfuta.

Akamwita Msomi karakanani kwake. Rafu zilijaa taya za plasta, zote zikicheka. Mezani kulikuwa na nta ya rangi ya waridi, kimashine cha kusagia, na chai ya moto.

"Mwanangu, nimejitafuta mpaka macho yamevimba. Sasa hata tingatinga silioni kwa mbali."

"Ndivyo inavyoanza, mama. Mtu akitaka kuruka huchuchumaa kwanza."

"Nimechuchumaa mpaka nimezama!" Kisha sauti ikalainika. "Lakini sikulaumu. Ujinga ni wangu mwenyewe. Wajukuu wananicheka, wananiambia bibi hujui hata ulichonunua. Nielekeze kidogo, niandike. Mtu msomi kama wewe utapungukiwa na nini?"

Akafungua daftari, akalamba ncha ya penseli.

Katika maisha yake Msomi alikuwa ameulizwa anadaiwa nini, anaishi wapi na kwa nini hapokei simu. Hakuwahi kuombwa kuelimisha. Akaegemea kiti, akakunja nne.

"Linki ya uongo ni rahisi kuijua. Tovuti haina mwenyewe. Haina msomaji. Inazungumzia konokono, ghafla inarukia meno. Na ukiona mtu anakuuzia nyingi kwa mpigo, jua anazichuma shambani kwake."

"Pole pole, mwanangu. Shambani… kwake. Na ya kweli?"

"Ya kweli hainunuliwi. Unatengeneza kitu chenye faida, ambacho mtu akikisoma hawezi kukaa nacho peke yake. Mwalimu anawapa wanafunzi, mwandishi wa gazeti anakitaja, chama cha madaktari kinakiweka kwao. Hukuwaomba, hawakujui. Moja ya hiyo inazipita zangu zote arobaini."

Penseli ikasimama. "Zako, umesema?"

"Za… za aina hiyo."

"Endelea, baba. Nikuongezee chai?"

Akaendelea kwa vikombe vitatu. Mwisho mama akamwomba atie sahihi chini ya maelezo, wajukuu wasije wakasema bibi katunga. Msomi akatia mbili.

Mwezi mmoja na nusu baadaye alikaa mbele ya mwenyekiti wa Umoja, mzee muuza mabati, na katibu mwenye miwani. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliliona birika.

"Tumekutafuta mtandaoni," alisema katibu, akamgeuzia kompyuta.

Juu kabisa kulikuwa na makala, kwenye tovuti mpya ya Mama Meno: "Nilivyouziwa Linki Arobaini, na Jinsi Utakavyozitambua." Kadi zote zilipigwa picha na kupangwa safu kwa safu kama meno. Chini yake yalifuata mafunzo, neno kwa neno, na ukurasa wa daftari wenye sahihi mbili.

"Ni wewe?"

"Ni mtu tunafanana."

"Na sahihi?"

"Nazo zinafanana."

Mwenyekiti akakohoa. "Sikiliza, kijana. Tukikuchukua, makala hii itatuaibisha. Tuonyeshe ujuzi wako basi. Iondoe hapo juu."

"Haiondoki, mzee."

"Kwa nini?"

Hapa mtu mwenye akili angedanganya. Lakini Msomi alikuwa tayari ameshaisogelea kompyuta na kufungua orodha ya tovuti zilizoitaja makala hiyo, na birika likamtoka kichwani.

"Tazama! Chuo cha ualimu kimeiweka. Hakikuombwa! Gazeti hili hapa, la wilaya. Chama cha madaktari wa meno. Chama cha watetezi wa wanunuzi. Mia mbili na kitu, na wote wameitaja kwa hiari yao! Mzee, mimi miaka sita sijapata hata moja ya namna hii. Moja! Huyu kajua kazi. Huyu ndiye mtaalamu!"

Katibu alikuwa akiandika.

"Nirudie," alisema. "'Huyu ndiye mtaalamu.' Sawa?"

"Ngoja, nilikuwa namaanisha…"

"Karibu, mama," mwenyekiti aliita.

Mama Meno akaingia kutoka chumba cha pili, mkoba begani, kilemba kipya kichwani. Naye alikuwa ameomba kazi hiyohiyo, ya nusu siku. Asubuhi angebaki na taya zake.

"Hujambo, mwanangu. Shemeji anakusalimu. Siku hizi yuko jirani na tingatinga." Akaketi. "Fomu yangu imekamilika, imebaki sahihi ya mdhamini anayeijua fani. Nifanyie hisani."

"Mama, kweli? Mimi?"

"Au niandike sehemu ya pili?"

Msomi akachomoa kalamu sikioni. Akatia sahihi. Kwenye nafasi iliyouliza uhusiano wake na mwombaji alisita, akatafuta uongo wa kumfaa, hakuupata. Akaandika: mwalimu wake.