Waya Mnene na Safari ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Aibu! Mvua imenikuta barabarani. Nikawasha waipa, taa zikafifia. Nikazima waipa, taa zikarudi, lakini njia siioni. Nimefika nyumbani nikichagua kila hatua: kuona au kuonekana.

Na nani yuko barazani? Shemeji, kaka wa mke wangu. Namwita Kiyoyozi, maana tangu gari lake liwe na kiyoyozi hana mazungumzo mengine. Akatangaza kuwa Ijumaa mama yao akishapasuliwa jicho, yeye ndiye atamleta hapa kwetu apumzike. Mama hawezi kupanda gari la kubahatisha. Nikamjibu kwamba nilishamwahidi Mama kwa kinywa changu, na gari litakuwa tayari. Mke wangu akamwongezea kaka yake chai.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa fundi umeme wa magari. Bwana huyu huongea na skrubu mdomoni. Nilichoambulia: waya wa chaji, unaotoka kwenye alternata kwenda kwenye betri, umechoka, uwekwe mnene zaidi. Hapo nilielewa kabisa. Kisha akaingiza mambo ya fyuzi, na waya wa athi, eti umeme ukishakwenda lazima urudi. Urudi wapi? Umesahau nini? Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Akaniambia nimwachie gari. Nikasema nitafanya mwenyewe. Skrubu moja ikamdondoka.

Nimenunua waya mnene kama kidole gumba. Mwekundu! Nimeulaza sebuleni niutazame.

Jumatano, 6 Machi

Spana imegusa betri na bodi ya gari kwa pamoja. Cheche! Unyusi wa kushoto umepungua. Kumbe betri hufunguliwa kwanza. Labda fundi alisema. Labda zilikuwa skrubu.

Waya nimeufunga. Nikawasha gari, taa, waipa, feni. Taa zikafifia vilevile. Sielewi. Nikaongeza waya wa pili ubavuni mwa wa kwanza. Vilevile! Nyaya mbili nene, umeme uleule wa kinyonge. Kiyoyozi akapita, akachungulia, akauliza kama ninafuga nyoka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefanya usafi chini ya boneti. Nimekuta mkanda wa waya mkuukuu, umeliwa na kutu, umeunganisha injini na bodi. Wa nini? Injini imekazwa kwa boliti; haina haja ya kufungwa kamba kama mbuzi. Nimeutoa na kuutupa.

Baada ya hapo gari limewaka kwa kukohoa, na kebo ya eksileta imekuwa ya moto hadi nikavuta mkono. Nimetafakari. Moto ni nguvu. Basi nguvu imepatikana!

Ijumaa, 8 Machi

Nimefika hospitali kabla ya Kiyoyozi. Ushindi! Mama Mkwe akatoka, jicho moja limefungwa bandeji, la pili linasubiri zamu yake na halioni ila mwanga. Nikamketisha mbele, nikamfunga mkanda. Mke wangu akarudi ndani kufuata dawa ya matone.

Nikageuza ufunguo. Gari likagoma, likagoma, likashika. Moshi ukatoka kwenye kebo ya eksileta, kebo ikaganda, na injini ikapiga kelele peke yake. Gia sijaingiza! Gari linatetemeka pale pale langoni, linanguruma kama linapanda mlima.

Mama akashika dashibodi kwa mikono miwili.

“Taratibu, baba! Hata marehemu hakuwahi kunikimbiza hivi!”

Nikasema, “Samahani Mama, napunguza,” nikazima ufunguo. Akashusha pumzi. Akauliza kama tumefika, na kwa nini pananuka mpira. Nikamwambia bado kidogo, na kwamba breki za mwendo kasi hunuka hivyo.

Kiyoyozi akatokea, akaona moshi, akacheka hadi akaegemea ukuta. Akamhamishia Mama kwenye gari lake pamoja na mke wangu. Nimerudi kwa miguu. Nilitamani kulia, lakini kulikuwa na watu.

Nikafika nyumbani nimekunja uso, nikakuta sebule imejaa shangazi. Mama anawasimulia kuwa mkwe wake alimleta karibu njia nzima kama upepo, na kwamba huyu mwanawe, kwa kipande kidogo kilichobaki, alijikokota kama konokono. Kiyoyozi alifungua mdomo. Mama akamwambia anyamaze, ajifunze kwa wenzake. Mke wangu ananitazama. Sijui amecheka au ameziba chafya.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi amelivuta gari kutoka hospitali hadi nyumbani. Amefunga mkanda mpya kati ya injini na bodi, mwingine toka betri hadi bodi, na fyuzi. Taa zinawaka, waipa inacheza, feni inavuma. Akatoa skrubu zote mdomoni ili anieleze vizuri kuwa, bila ule mkanda nilioutupa, umeme ulikuwa ukirudi kupitia kebo ya eksileta. Nimeelewa: nyaya zangu zilihitaji siku chache kuzoea.

Sasa nimehamia bafuni. Maji yanatoka kinyonge, na sababu naijua: bomba ni jembamba. Nimeweka pana. Ndani ya tangi la darini nimekuta pia boya la plastiki, chafu, limeshikana na koki ya kuingizia maji, linapanda na kushuka na maji bila kazi yoyote. Nimelitoa.

Mke wangu anaita kutoka sebuleni. Anauliza kwa nini dari inadondosha maji. Sielewi. Labda bomba lingekuwa pana zaidi.