Mkalimani wa Magari

Suti Moja alikuwa na suti moja. Jina lake kamili lilijulikana na watu wawili tu, mama yake mzazi na askari mmoja wa kituo cha polisi, na wote wawili walilitaja kwa masikitiko. Suti yenyewe ilikuwa ya kijivu, imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini, na ndani yake alikaa mtu mwenye ulimi wa kumuuzia samaki maji ya kuogea.

Jumamosi moja asubuhi, hata hivyo, ulimi ulikuwa umemkauka. Alikuwa na shida, na shida yenyewe ilikuwa binti: muuguzi mcheshi, mwenye macho makubwa, aliyempenda Suti Moja bila sababu ya maana. Katika kupendwa huko jamaa alijisahau, akamwambia kuwa yeye ni mfanyabiashara wa magari. Muuguzi akamwambia baba yake. Baba, aliyefanya kazi posta miaka thelathini na kwa hiyo haamini kitu kisicho na muhuri, akasema sawa, kijana aje kujitambulisha Jumapili ya mwisho wa mwezi, na aje na gari lake. Zilibaki wiki tatu. Chombo pekee cha usafiri alichomiliki Suti Moja kilikuwa viatu vyake, na cha kushoto kilihitaji fundi.

"Nikimkosa yule binti nimekwisha," alijisemea njiani, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakuwa anamdanganya mtu.

Ndipo alipofika kwenye kituo cha kuoshea magari, akaona magari kama kumi na mawili yamepangwa mstari mmoja, yote ya aina ya Hanamori, yote ya zamani, yanang'aa kama masufuria ya bi harusi. Kilikuwa kikao cha Chama cha Wenye Hanamori. Kama huwajui watu hawa, ndugu msomaji, usithubutu kuwaambia kuwa huwajui, maana watakushika mpaka jioni. Mwenyekiti wao, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa tayari amesimama juu ya ndoo, anafundisha.

"Mwanzilishi wa Hanamori," alisema, "alikuwa seremala. Alitengeneza mashine ya kukoboa mpunga. Siku moja ng'ombe wake akafa, mpunga ukakosa wa kuuvuta kwenda sokoni. Akafanya nini?"

"Akatengeneza gari la magurudumu matatu!" wakaitikia wote, watu wazima na mvi zao.

"Na Hanamori ikoje?"

"Haifi! Inastaafu!"

Hapo Mwenye Bucha, pande la mtu lenye shingo ya fahali, akaingia kwenye gari lake na kuwasha. Kutoka ndani ya dashibodi ikatoka sauti ya mwanamke, laini, yenye adabu: "Kado ga sonyu sarete imasen."

Mwenye Bucha akainamisha kichwa. "Na wewe pia, dada," akajibu.

Suti Moja alisimama kama aliyepigwa shoti. Magari yale yalikuja kutoka Japani yakiwa na sauti zake, yanasema neno lile lile kila yakiwashwa, na hapa palikuwa na watu wazima kumi na wawili waliokuwa wakiitikia miaka nenda rudi bila kujua wanaambiwa nini. Akarekebisha tai. Akakohoa kikohozi cha mtu aliyesoma.

"Samahani, mzee wangu," akamwambia Mwenye Bucha. "Gari linalia, na wewe unalisalimia?"

"Linalia? Kwani wewe unajua Kijapani?"

"Nimeishi nao miaka saba," alisema Suti Moja, ambaye aliwahi kulinda yadi ya magari ya Kijapani wiki tatu kabla ya kufukuzwa. "Hebu liwashe tena." Likawashwa, likasema. Suti Moja akafumba macho. "Masikini. Linasema, bwana wangu, kiti changu cha mbele kimebeba mzigo nisiouweza."

Mwenye Bucha akashika mdomo. "Mama mkwe!" akanong'ona. "Kila Jumapili anakaa mbele!"

"Mimi sijamtaja mtu," alisema Suti Moja. "Limesema lenyewe."

Ikawa foleni. Kila mtu alitaka la kwake litafsiriwe, na kila mtu alitoa ada kidogo ya ukalimani, maana elimu haigawiwi bure. Gari la daktari wa meno lilitaka kuimbiwa. Gari la mwenyekiti lilisema limechoka kusikia habari za ng'ombe aliyekufa. Mwenyekiti alinywea, kisha akaingiwa na mashaka ya kiualimu.

"Lakini kijana, mbona yote yanasema maneno yale yale?"

Mtu mwingine angetafuta mlango. Suti Moja alitabasamu tu. "Mwalimu, wewe neno pole humwambia nani?"

"Aliyefiwa. Aliyejikwaa. Anayetoka kazini."

"Neno ni moja?"

"Ni moja."

"Basi na Kijapani ndivyo kilivyo. Sikiliza moyo, usisikilize maneno."

Mwenyekiti aliandika hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Wiki mbili zilipita, mji ukachangamka. Mama mkwe wa Mwenye Bucha alihamishiwa kiti cha nyuma, akanuna mpaka akaacha kula kwa mkwewe. Daktari wa meno alikuwa akiimba kwenye taa nyekundu, na watu waliosimama pembeni yake walipandisha vioo. Mfuko wa Suti Moja ulinenepa, lakini si wa kununulia gari. Yeye, mkalimani wa magari ya watu, bado alikuwa anarudi kwake kwa miguu. Basi akaanza kulitupia jicho gari la mwisho kwenye mstari.

Lilikuwa la bluu, halijawahi kugongwa, limetoka mkono mmoja. Mwenyewe alikuwa mjane aliyeitwa Mama Cherehani kwa sababu ya kazi yake, mama mpole ambaye vikaoni alikaa kwenye kigoda akipinda nguo, hachangii neno. Hakuwahi kuomba tafsiri. Jumamosi ya tatu Suti Moja alimwendea mwenyewe.

"Shikamoo mama. Leo nakutafsiria bure."

"Marahaba mwanangu." Alimtazama juu ya miwani kwa muda mrefu kidogo, kama anayemchukulia vipimo. Akaliwasha gari. "Kado ga sonyu sarete imasen," likasema.

Suti Moja akatoa leso. "Mama, nisamehe, nitasema ukweli ulivyo. Linasema limechoka na upweke. Linaomba liende kwa mtu anayejua lugha yake."

Mama Cherehani akajifuta jicho kwa ncha ya futi ya kushonea.

"Limesema hivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Basi lichukue. Kuliuza siwezi, utauzaje kiumbe kinachosema? Nakupa. Njoo Jumatatu tuagane nalo."

Suti Moja alitoka pale anaelea. Gari, tena bure! Alimpigia muuguzi simu akamwambia siku ile avae gauni lake la njano, maana litapendeza na bluu. Usiku ule alilala na viatu, kwa furaha tu.

Jumatatu alimkuta Mama Cherehani mlangoni, na mwenyekiti na Mwenye Bucha wamekaa naye kama mashahidi.

"Mwanangu, umenifungua masikio," alisema mama kwa unyenyekevu. "Tangu unitafsirie, nami nimeanza kulielewa. Leo alfajiri nimeliwasha, limesema halitatoka hapa na matairi yale. Linataka manne mapya."

"Mama, sidhani kama..."

"Kwani halisemi?"

Mwenye Bucha akageuza ile shingo yake. Mwenyekiti akafungua daftari. Suti Moja akatazama huku, akatazama kule. Angesema gari halisemi, basi halikusema tangu mwanzo, na Mwenye Bucha alikuwa na mama mkwe aliyenuna na mikono isiyo na kazi.

"Linasema, mama," akakubali. "Linasema kweli."

Akanunua matairi manne. Jumanne lilitaka betri. Jumatano lilitaka breki na springi za nyuma. Alhamisi lilitaka kupigwa rangi upya, na lilichagua rangi yenyewe.

"Bluu ya bahari," alisema Mama Cherehani. "Limesisitiza."

"Mama, mimi nililisikia likisema rangi hii inalitosha kabisa."

"Neno ni hilo hilo, mwanangu. Ulisikiliza maneno, hukusikiliza moyo."

"Anasema kweli!" alisema mwenyekiti, akionyesha mstari aliopiga.

Ada zote za ukalimani zikaishia kwa fundi rangi. Redio mpya ikaondoka na simu yake, na kitanda kikaenda kununua taa za mbele. Kila jioni Suti Moja alijiambia potelea mbali, vyote hivi ninavitia kwenye gari langu mwenyewe. Gari lilikuwa linapendeza siku hadi siku, na yeye alikuwa anakonda, lakini akimkumbuka binti na gauni la njano alikaza roho.

Ijumaa, siku mbili kabla ya kwenda ukweni, Mama Cherehani alimpokea ukumbini na mkasi mkononi, mwenyekiti kando yake.

"Limebakiza moja tu, halafu ni lako. Linataka viti vya mbele vishonwe upya. Kitambaa cha kijivu." Akamshika ukosi, akausugua kwa vidole viwili. "Kama hiki. Hata siyo kama hiki. Hiki hiki."

Suti Moja alishtuka kweli. Bila suti yeye alikuwa nani? Alikuwa mtu aliyevaa fulana, basi. Lakini kwenda ukweni na suti bila gari ni kukosa mke, na kwenda na gari bila suti kuna namna ya kujieleza. Akaivua pale pale ukumbini, akabaki na fulana na kaptura, na mwenyekiti kwa heshima akageukia ukutani.

"Kadi ya gari nitakupa Jumapili hiyo hiyo ukishalizungusha," alisema mama. "Nenda mwanangu. Mungu akupe unachostahili."

"Amina!" akaitikia Suti Moja.

Jumapili ikafika. Lo, kama ungemwona! Suruali ya kuazima imemfika juu ya vifundo, shati la jirani, lakini amekaa nyuma ya usukani wa Hanamori ya bluu ya bahari, juu ya suti yake mwenyewe. Mama alikuwa ameshona kwa ustadi, hata mfuko wa koti kaubakiza nyuma ya kiti, wa kuwekea gazeti. Alipiga honi kwenye kila kona. Aliwasalimia watu asiowajua. Alipoingia uani kwa yule mzee wa posta, muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na gauni la njano, na moyo wa Suti Moja ukapiga kuliko injini.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba, karibu." Mzee alilizunguka gari, akagonga tairi kwa kidole. "Jipya hili. Mali safi. Lako?"

"La kwangu, baba, kwa jasho langu."

"Vizuri. Njoo nikujulishe kwa dada yangu, shangazi yake binti. Hapa hatuozi mpaka shangazi aseme."

Shangazi alikuwa barazani, kwenye kigoda, anapinda nguo. Kushoto kwake alikaa mwenyekiti. Kulia kwake alikaa Mwenye Bucha, anakunywa chai.

"Tunajuana," alisema Mama Cherehani. "Karibu mwanangu. Ahsante kwa kuniletea gari langu, nilichoka kweli kuja kwa miguu."

Suti Moja akaivuta ile suruali ya kuazima ifunike vifundo, ikakataa.

"Binti alinionyesha picha yako wiki mbili zilizopita," aliendelea shangazi. "Nikamwambia mtu huyu mimi namwona kila Jumamosi, na gari sijaliona. Haya, liwashwe tusikie."

Muuguzi ndiye aliyeingia na kuliwasha. Sauti ikatoka, laini, yenye adabu. Kado ga sonyu sarete imasen. Binti akamtazama Suti Moja kwa macho yale makubwa.

"Linasema nini?"

Tafsiri kumi zilimjia, moja tamu kuliko nyingine. Lakini aliyeuliza alikuwa yeye, na yeye hakutaka kumdanganya tena.

"Sijui," akasema. "Haki ya Mungu, sijui hata neno moja."

"Linasema kadi haijawekwa," alisema Mama Cherehani, akikata uzi kwa meno. "Kadi ya kulipia barabara. Huko kwao barabara zinalipiwa. Kuna injinia Mjapani nilimshonea mashati, ndiye aliyeniambia. Miaka kumi na minne linadai kadi."

Mwenyekiti akafungua daftari, akatazama mstari wake, akalifunga.

"Kadi?" alisema Mwenye Bucha, akisimama pole pole. "Na mama mkwe wangu niliyemrusha nyuma?"

"Keti," alisema Mama Cherehani. "Ameshalipa, mtazame alivyovaa."

Wakamtazama, suruali ile na vifundo vile. Aliyeanza kucheka ni muuguzi, akafuata mzee wa posta, akashikilia nguzo. Mwisho Mwenye Bucha mwenyewe akamwaga chai. Suti Moja alisimama uani, masikio yanawaka, hajui acheke au alie.

"Binti," alisema mzee akijifuta machozi, "sema wewe, mtu ni wako."

Muuguzi akatoa kichwa kwenye dirisha la gari. "Aanze kuosha magari ya chama chote, Jumamosi kwa Jumamosi, mpaka ada za watu ziishe. Kisha aje tena, kwa miguu, aniambie kazi yake ni nini. Nitamfungulia mlango."

"Nitakuja," alisema Suti Moja upesi. "Na suti je?"

"Suti inabaki," alisema shangazi. "Viti vimependeza."

Akaaga, akaanza kutembea kuelekea barabarani, kiatu cha kushoto kinapiga makofi. Nyuma yake muuguzi akaliwasha tena gari, makusudi, na ile sauti ikamfuata mpaka getini. Suti Moja akasimama, akageuka, akainamisha kichwa.

"Na wewe pia, dada," akasema.