Mtambo Wangu na Vitunguu vya Belarmino

Jumatatu, 3 Machi 1913. Melini Santa Brígida, tumetoka Valparaíso.
Nimedhalilishwa! Kapteni Ossandón katangaza mezani, supu yangu ingali moto, kwamba tukifika Callao mtambo wa simu ya upepo unang'olewa, nami nashushwa nao. Miezi minne, kasema, hajaona faida yake. Chumba changu apewe Belarmino mpishi, aweke vitunguu. Belarmino keshakuja na kamba, anapima. Nikamuuliza haya kaiacha wapi. Kanijibu vitunguu vyake angalau vina harufu. Mimi hata harufu ya kazi sina.

Jumanne, 4 Machi.
Nimepata! Nimemwomba Lautaro, fundi mwenzangu wa meli Huemul iliyo mbele yetu, kesho saa nne atume ujumbe kwa jina la wenye meli: wanampongeza Kapteni kwa kuwa na fundi hodari, Evaristo Quiroga. Lautaro kagoma. Nikamkumbusha ni nani aliyemtungia barua ya posa. Kakubali.

Jumatano, 5 Machi.
Imefika! Kapteni kaisoma mara mbili, kavimba kichwa, kaitia mfukoni. Belarmino kakunja kamba yake. Raha iliyoje!

Mchana. Balaa! Siku za mwizi arobaini. Zangu hazikufika hata moja. Nilisahau kuwa upepo hauna mlango. Pwani nzima imesikia. Meli sita zimemtumia Kapteni pongezi. Wa saba kuita ni mzee Casimiro, fundi wa kituo cha Coquimbo. Kila fundi ana mkono wake kwenye kitufe, kama mtu na mwendo wake, na Lautaro alifundishwa kazi na Casimiro. Mzee anauliza tangu lini wenye meli wamehamia Huemul. Ningenyamaza tu! Lakini sikio likisikia, mkono wangu huandika wenyewe. Na Kapteni alikuwa begani kwangu, anasoma.

Alhamisi, 6 Machi.
Kapteni hasemi nami. Nimefunga sanduku. Nimelia, nakiri. Humu ndani, vyuma masikioni, pwani yote ni majirani zangu.
Saa tisa kaingia, kakaa juu ya sanduku langu. Kauliza kama kati ya wale sita yumo Kapteni Barahona wa meli Tránsito. Yumo. Walikua pamoja, wakagombana, miaka kumi na tisa hawasemezani. Kakohoa. Kaniambia nimwandikie Barahona: drafti, naanza mimi. Jibu likaja hajamaliza kukohoa! Wamecheza mpaka chai, Kapteni anacheka hadi kofia ikamdondoka. Mtambo unabaki, kasema. Ila, Evaristo mwanangu, nikiandika kitu utume hicho hicho. Nikaapa kwa jina la mama.

Ijumaa, 7 Machi.
Belarmino kaniletea humita ya moto, mahindi ya kusaga yaliyopikwa ndani ya majani yake. Ni mtu mwema ukimzoea.
Kapteni kanipa mchezo wake wa leo, kaenda kunyoa ndevu. Nikautazama. Maskini mzee! Kete mbili zinaliwa hivi hivi. Nimeurekebisha kidogo, nikatuma wa kwangu.
Barahona kajibu. Kala kete nne, kapata na kingi.
Si neno. Nimeshamwita Lautaro. Atume kwa jina la Barahona: nimeshindwa, hongera. Na safari hii nimemwambia atumie mkono wa kushoto.